Sikuupitisha Mkanda Ule, Fundi

Fundi Khamis, mwalimu wangu,

Nimeukataa. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo ambalo ungeniuliza kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Ule mkanda mweusi wenye bizimu ya rangi ya dhahabu, ambao bosi wetu wa Riyadh aliwachagulia walinzi wanawake ili wabebee bastola chini ya abaya, lile baibui lao, sikuupitisha. Nimeandika "Umekataliwa" kwenye fomu, nikatia saini, nikaweka tarehe, na kwa sababu ya neno hilo moja nimepoteza kazi. Sijutii. Ninalolijutia ni jambo jingine, nami nitalifikia. Niruhusu nilifikie kwa mwendo wangu.

Ulikuwa ukikicheka Kiswahili changu. "Weye mtoto wa Voi unazungumza kama barua ya serikali," uliniambia siku ya kwanza nilipoingia karakana yako ya Jeddah, cheti changu cha shahada kikiwa ndani ya jalada la plastiki. Nilikuwa nimeandaa maelezo mafupi: kwamba nimehitimu uhandisi wa viwanda, kwamba kampuni imeniajiri kuwa afisa wa ubora, na kwamba nimetumwa kwako nijifunze utengenezaji wa mikanda na ala za bastola kabla ya kupelekwa kwenye ghala la Al-Sulay, Riyadh. Ulinisikiliza mpaka mwisho, msharasi wako wa kutobolea ngozi ukiwa mkononi. Kisha ukaweka mikanda miwili mezani, ukaniuliza upi unafaa kubeba silaha iliyofichwa. Nilichagua ule uliong'aa. Ulicheka hadi ukakohoa. "Huo wa kwendea harusini, mwanangu! Utakwenda na bastola, utarudi na suruali magotini."

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza, ingawa wakati ule sikuiita elimu.

Ulinifundisha kuushika mkanda kwa ncha moja, ukingo ukiwa juu, na kuutazama. Mkanda dhaifu huinamisha kichwa papo hapo; mkanda imara hunyooka kama rula. Ulinifundisha kutafuta tabaka mbili za ngozi na utepe mgumu katikati yake, zilizoshonwa kwa uzi wenye nta, si kugandishwa kwa gundi tu. Ulinifundisha kwamba matundu yakaribiane, kwa kuwa kiuno cha asubuhi si kiuno cha baada ya chakula cha mchana. Na upana wa mkanda ulingane na nafasi ya ala, vinginevyo ala itacheza, kitako cha bastola kitachomoza, na kila mpita njia atakijua ulichokificha. "Suruali haina haja ya mkanda kama huu," ulisema. "Suruali yaweza kufungwa hata kwa kamba. Huu ni wa yule anayebeba mzigo na hataki ujulikane."

Katika karakana nzima hapakuwa na bastola hata moja. Silaha ni za walinzi wenyewe, raia wa nchi hii wenye vibali. Sisi wageni hatuzigusi. Kwa hiyo ulichukua kipande cha chuma, ukakikata na kukipiga tupa hadi kikawa na umbo na uzito wa bastola iliyojaa risasi, na hicho ndicho tulichokitumia kupimia. Ulinitengenezea changu nilipohamishwa. Mlinzi wa uwanja wa ndege alikigeuza geuza mikononi, akaniuliza ni kitu gani. Nilimjibu kwa Kiarabu changu cha kubahatisha kwamba ni kifaa cha shule. Nilipokusimulia kwa simu ulisema, "Hukudanganya."

Sasa nilifikie lile jambo.

Unakumbuka kwamba kundi la kwanza la walinzi wanawake lilipoajiriwa, wa kulinda kumbi za sherehe za wanawake, mimi ndiye niliyepewa jukumu la kuhakiki mkanda wao. Niliandaa jaribio ambalo nililionea fahari mno: kusimama, kuketi, kupanda ngazi kwa kukimbia, kuingia garini na kutoka, kuinua sanduku, kuinama kuokota ufunguo. Mkanda wa bosi ulifaulu yote. Ndani yake mlikuwa na kadibodi ngumu badala ya utepe ule wa kwako, lakini kwa macho yangu ulisimama wima, nami nikaandika rasimu ya kuusifu. Nikakupigia simu kukusomea, hatua baada ya hatua, kama mtoto anayesoma matokeo yake ya mtihani.

Kisha ukauliza, "Na wakisujudu?"

Nilikuambia kwamba kigezo hicho hakimo katika mwongozo.

"Mwongozo kauandika mtu asiyeswali," ulisema. "Weye ni Mkristo, huswali swala yetu, hilo si kosa lako. Lakini wasichana wako wapo kazini kutwa. Watainama, watakwenda chini, watainuka, bastola iko kiunoni. Mkanda uangalie hapo, Wakio. Hapo ndipo unaposema kweli."

Nami nikakujibu. Ninayaandika maneno yangu kama yalivyokuwa, kwa sababu sistahili kuyalainisha: "Fundi, kwa heshima zote, mambo haya yameshapita enzi za karakana."

Hukukasirika. Laiti ungekasirika. Ulisema tu, "Haya, msomi. Kula vizuri huko," ukakata simu. Siku ya tatu moyo wako ulisimama, baada ya alasiri, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha kazi.

Walikuzika siku ileile, kama ilivyo desturi yenu, na ndege yangu ikatua Jeddah wakati udongo umeshakufunika. Nilikwenda nyumbani kwako Al-Nuzha. Bi Asha, mkeo, alinikumbatia mlangoni, viatu bado viko miguuni mwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya rambirambi yaliyopangika vizuri. Sikuyasema hata moja. Yeye ndiye aliyesema: "Kila mgeni aliyeingia humu alimwambia, mwanafunzi wangu yuko Riyadh, ndiye anayepitisha mikanda." Anayepitisha, Fundi! Nawe ulijua nilikuwa karibu kupitisha nini.

Niliporudi Al-Sulay sikuituma ile rasimu. Nilikwenda kumtafuta Nuf.

Nuf humjui. Ni mmoja wa wale walinzi wapya, binti wa Riyadh, huja kazini akiendesha gari lake mwenyewe na kuegesha vibaya makusudi ili madereva wa malori wapige kelele. Nilimweleza ulichosema. Hakucheka. Alisema, "Kwa nini hakuna aliyetuuliza hilo?" Adhuhuri ilipoingia alivaa mkanda wa bosi, akakiweka chuma chako ndani ya ala, akajifunika abaya, akaingia chumba cha swala cha wanawake. Nami nikaketi nyuma kabisa, karibu na ukuta, nimevua viatu, kimya.

Alipoinama mara ya kwanza mkanda ulivumilia. Alipokwenda chini niliusikia, Fundi. Niliisikia kadibodi ikivunjika, sauti ndogo kama biskuti. Katika rakaa ya pili mkanda ulikunjamana ubavuni, ala ikageukia nje, na abaya ilipovutika mgongoni umbo la silaha likajichora wazi, hata mtoto angelitambua. Katika ya tatu chuma kiliteleza kikagonga sakafu. Nuf hakuikata swala yake. Alimaliza, akatoa salamu kulia na kushoto, ndipo akanigeukia. "Je, ingekuwa bastola yenyewe?" aliuliza. "Ukumbini, mbele ya akina mama na watoto wao?"

Tulirudia kwa walinzi wengine watatu, siku tofauti. Mikanda mitatu, ikavunjika pale pale.

Nilimpelekea bosi taarifa. Unamfahamu bosi kwa sauti tu, yule aliyekuwa akikupigia simu kuuliza kwa nini ngozi inachelewa. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye haraka. Shehena ilikuwa imeshafika, masanduku yamepangwa hadi dari, na sherehe ya kuwakabidhi walinzi vifaa vyao ilikuwa imetangazwa. Aliisoma taarifa akiwa amesimama.

"Nani ameona haya?"

"Mimi na walinzi wenyewe, bosi."

"Picha ziko wapi?"

Nilimwambia kwamba hakuna anayepiga picha katika chumba cha swala cha wanawake, naye alilijua hilo kuliko mimi. Wala hangeweza kuingia kujionea. Basi akasema hakuna ushahidi. "Yalla, Wakio, saini. Mafi mushkila, hakuna shida. Wanawake hawataki mkanda mzito kama wa askari. Wanataka kitu kizuri."

Nuf alikuwa mlangoni, hakuna aliyemwita. "Bosi," alisema, "mkanda uko chini ya abaya. Huo uzuri ni wa nani?"

Bosi alinigeukia mimi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ikama yako inakwisha lini?" Bila kibali hicho cha ukaazi ningerudishwa Voi. Akanipa hadi Alhamisi niwe nimesaini.

Nitakuambia ukweli kuhusu siku zilizofuata, maana wewe hukunifundisha kujipamba. Niliogopa. Nilimfikiria mama yangu aliyeutangazia mtaa mzima kwamba bintiye ni afisa Uarabuni. Nilifikiria jinsi nilivyosoma kwa taa ya mafuta ili niitwe afisa. Nilijiambia kwamba saini ni wino tu, na kwamba wakubwa watabeba lawama. Kisha nikajiuliza: kama saini yangu ni wino tu, kwa nini wanaihitaji kiasi hiki? Wanaihitaji kwa sababu bila hiyo mkanda hautoki ghalani. Ina maana kuna mlango mmoja, na ufunguo wake ni mimi. Sikusoma miaka yote hiyo ili niwe ufunguo unaofungua kwa kila mkono unaoushika.

Alhamisi asubuhi nilivaa nguo zangu za mahojiano. Niliijaza fomu kwa mkono. Pale panapouliza matokeo niliandika "Umekataliwa," na chini yake sababu, kwa Kiarabu alichonisahihishia Nuf: mkanda huvunjika mvaaji anaposujudu, silaha huonekana, silaha huanguka. Katika safu ya njia ya jaribio, mahali ambapo watu huandika nambari ya mwongozo, niliandika: "Njia ya Fundi Khamis, karakana ya Jeddah." Nikagonga muhuri.

Bosi aliisoma mara mbili. Alisema neno moja, "Halas," yaani yamekwisha, akaiweka fomu juu ya meza taratibu kama kikombe cha moto. Mkataba wangu hautaongezwa. Lakini fomu ina nambari yake kwenye daftari, na kwa utaratibu wa ofisi hukumu ya kukataa haifutwi kwa kuchanwa. Hujibiwa kwa jaribio jingine lenye jina la mtu mwingine. Bosi amemwomba afisa wa ubora wa Dammam atie saini. Afisa huyo aliposoma sababu yangu, aliuliza kama kuna njia ya kuijibu bila kutaja kusujudu. Hakuna. Hajasaini. Walinzi nao wameandika barua yao, majina yote, kwamba hawatauvaa. Masanduku yako Al-Sulay hadi ninapoandika haya.

Siku hizi angalau mtu anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kusubiri huruma ya kafili, yule mdhamini wake, kama ilivyokuwa enzi zenu. Nimeomba kazi Jeddah, mahali pawili. Kote wameniuliza kwa nini ninaondoka Riyadh, na kote nimeeleza yote, pamoja na lile jaribio. Mmoja hakunijibu tena. Mwingine alisema nifike Jumapili. Sijui kama nitaipata. Nikiipata, nitaipata kwa sababu hiyohiyo iliyoniondoa hapa. Sitaingia kwa mlango mwingine.

Fundi, nilikukosea. Sikukosea hesabu, wala sikukosea kwa kutojua. Kutojua ulishanisamehe kwenye simu ileile, kabla sijakujibu. Nilikukosea kwa kujivuna. Mbele yangu palikuwa na mtu aliyepima mikanda kwa kuwajua watu watakaoivaa, nami nikamwambia enzi zake zimepita. Ningetoa mengi kukupigia simu moja tu, nikuambie imevunjika, Fundi, imevunjika pale uliposema. Ungecheka. Ungesema, "Haya, sasa kula."

Pumzika, mwalimu wangu. Dua za lugha yenu sizijui, kwa hiyo nimekuombea kwa zangu, nikiamini Anayezipokea hatauliza fomu. Bi Asha nitamtembelea kila Ijumaa nikirudi Jeddah, apende asipende. Na ahadi yangu kwako ni hii: mkanda wowote utakaoletwa mbele yangu, wa mwanamume au wa mwanamke, wa bosi huyu au wa mwingine, utakwenda chini na kuinuka kabla sijauandikia neno. Wakinihamisha kwa ajili hiyo, nitahama. Wakiniuliza nimejifunza wapi, nitawaonyesha shahada yangu, kwa maana nimeitolea jasho; kisha nitawaambia kwamba hili sikulipata huko, na nitalitaja jina lako, taratibu, ili waliandike sawasawa.

Mwanafunzi wako,
Wakio