Muramu, Ile Sauti Haikuwa Yangu

Muramu Nestori,

Nimekukosea. Naanza na hilo kabla hata ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka, na wewe unanijua nikianza kuzunguka. Maneno uliyotuambia mafundi kwenye grupu letu la simu, kwa sauti yako mwenyewe, kuhusu mkono wa Masanja, niliyaandika, nikayatia kwenye kitabu, nikaweka jina langu juu. Sikukuuliza. Ndiyo maana ukafunga karakana yako ya Kawajense ukaondoka, na mpaka leo watu wanakuja na mota zao zimeungua, wanakuta kufuli, wananiuliza mimi fundi kaenda wapi.

Simu yangu hupokei. Kwenye grupu ulishajitoa. Dada yako Adela anajua uliko, lakini hata mimi mume wake haniambii. Nimeona niandike barua ya wazi, ikae kwenye grupu, na nakala nyingine ibandikwe pale stesheneri kilipokuwa kinauzwa kitabu. Nilikuvua nguo mbele za watu, siwezi kuja kukuomba radhi kichochoroni. Ila safari hii naanza na wewe. Nimempa Adela akutumie kwanza. Ukisema hapana, haitabandikwa popote, na sitakuuliza kwa nini.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja kwenu Katumba kwa ajili ya Adela? Nilikuita shemeji, ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Shemeji ni ya redioni hiyo. Hapa kwetu sema muramu." Nikasema muramu, nikaisema vibaya, mama yenu akaniongeza ugali kwa huruma. Tangu siku hiyo sijawahi kukuita vingine. Na wewe ukaizoea hiyo muramu mpaka ukawa unamwita kila mtu, mteja muramu, muuza bolti muramu, hata askari wa barabarani.

Ufundi wa mashine za kusaga nilijifunza kwako, ingawa mi ndiye mkubwa kwa umri. Siku ile ya mvua tunapeleka mota Kabungu, tumeifunga nyuma ya pikipiki, barabara yote tope, wewe ukashuka ukawa unatembea nyuma umeishika kwa mikono miwili. Watu wanatushangaa. Ukawa unawapigia kelele: "Tupisheni jamani, mgonjwa kalala!" Tulipofika ukaweka ncha ya bisibisi kwenye beringi, mpini ukaugusisha sikioni, ukanipa na mimi. "Sikiliza. Hapo anakoroma au analia?" Nikasema anakoroma. "Basi bado ana siku chache. Akilia, ndo mwisho."

Na grupu lilikuwa langu kwa jina tu. Mi ndiye niliyelifungua, mi ndiye admini, lakini uhai wake ulitoka kwako. Mwanzoni watu walikuwa wanatuma picha za kazi zilizonyooka na kutambiana. Wewe ndiye uliyeanzisha ile ya Jumapili, ya kuvua ovaroli. Kila Jumapili jioni fundi mmoja anasema kwa sauti kazi aliyoiharibu. Hakuna kucheka mpaka mwenye kosa acheke kwanza. Akimaliza, wengine wanauliza. Na yakisemwa yanaishia humo humo.

Ulianza wewe. "Jamani, leo mi navua ovaroli. Nimefunga mota kwa mama mmoja hapa Katumba, nimegeuza fezi, mota inazunguka kinyume. Nawasha, mahindi yanaingia, unga haupandi. Mi kwa ujuaji wangu nikafungua nichungulie na mashine inatembea. Unga wote ukanijia mimi! Yule mama akaita watoto, njooni muone mzimu wenye spana!" Ukacheka. Ndipo tukacheka wote. Mama Tausi, yule anayetuchomelea fremu za mashine, akakujibu: "Fundi, sasa hapo ulilipwa au ulikaangwa?"

Tangu hapo watu wakafunguka. Fundi wa miaka mingi anasema jinsi alivyounguza mota ya kanisa, na hakuna anayemdharau. Tulijifunza humo kuliko kote. Nilikuwa nasikiliza nikijiambia hawa watu wanasema vizuri kuliko wanaoandika. Hapo ndipo tamaa ilipoingia.

Halafu ikaja Jumapili ya Masanja.

Sauti ile ilikuwa ndefu. Unakohoa katikati, nyuma yako kuna mtu anapasua kuni. Ulisema ulikuwa Kabungu unakaza mkanda wa mashine, mwenye mashine anakuharakisha, akina mama wamepanga ndoo mpaka nje. Bolti moja ya kava, lile bati la kuufunika mkanda, ilikuwa imekwisha meno. Ukaliegemeza kava ukutani, ukawasha, ukasema utarudi kesho na bolti mpya. Kesho hukurudi. Wala kesho kutwa. Masanja, kijana aliyekuwa anaiendesha ile mashine, akanyoosha mkono kuzoa unga uliomwagika, mkanda ukamchukua vidole viwili. Mwenye mashine akatangaza kwamba Masanja alikuwa amelewa, akamfukuza kazi. "Na mi nilikuwepo anaposema hivyo, muramu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikanyamaza."

Jumapili ile hukucheka, na hakuna aliyecheka. Mama Tausi aliandika tu "Pole, Nestori." Baadaye kidogo akauliza: "Bolti ilikuwa namba ngapi? Maana na mi nina kava nimeliegemeza hivyo hivyo." Kesho yake picha zikaanza kuingia. Kava limefungwa Mishamo, kava limefungwa Katumba, kava limefungwa mjini. Kwa hiyo nikikwambia niliandika kitabu ili mafundi wajifunze, usinisikilize. Walikuwa wameshajifunza kwa kinywa chako, na hakuna aliyeumizwa kwa hilo.

Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa mtu mwenye kitabu. Mi niliishia kidato cha nne, na cheti chenyewe sikionyeshi mtu. Yule mwenye stesheneri alisikia sauti zenu kwenye simu yangu nikiwa nachapisha risiti, akasema, "Kaka, hiki ni kitabu kabisa, we andika tu mi nitakupangia kurasa." Nikaandika. Nilikuwa nasikiliza kipande, nasimamisha, naandika, narudia. Nilijisifu kwamba siongezi neno la mtu. Jina lako nikalitoa, nikaweka "fundi mmoja", nikaona nimekusitiri. Lakini Kabungu nikaiacha humo humo, ile mashine uliyosema ni ya kijani nikaiacha, na muramu zako zote nikaziacha kwa sababu zilinoga. Kabungu nzima nani asiyemjua fundi anayemwita kila mtu muramu?

Kitabu kilipotoka nilileta kimoja nyumbani. Adela alikifungua akasoma kurasa mbili amesimama. Akaniuliza, "Kaka kashakiona?"

Nikasema, "Anajua."

Ulikuwa hujui. Nilimdanganya mke wangu huku namtazama usoni.

Yaliyotokea Kabungu nimesimuliwa. Kwenye kibanda cha kuchajia simu kulikuwa na mtu anawasomea wenzake kile kitabu kwa sauti, wanacheka zile habari za mzimu wenye spana. Akafika kwenye mkanda. Masanja alikuwa amekaa pale anasubiri simu yake ijae. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Rudia hapo." Jamaa akarudia. Akasema, "Rudia tena." Halafu akainuka akaenda kwa kaka zake.

Yaliyotokea Kawajense sikusimuliwa, nilikuwepo. Kaka zake watatu walikuja asubuhi. Hawakukugusa. Yule mkubwa alifungua ukurasa, akauweka juu ya meza yako kati ya spana, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu kabisa, "Huyu ni wewe?"

Ukasema, "Ni mimi."

"Mdogo wetu kaitwa mlevi kijiji kizima. Kwa nini sisi hili tunalisikia kwenye kitabu?"

Na mi nilikuwa mlangoni, muramu, hatua chache tu, jina langu liko juu ya kile kitabu kwa herufi kubwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi niliyekitoa. Nikanyamaza. Ulinitazama mara moja, ukainamisha kichwa ukaanza kupanga vyombo vyako kwenye sanduku. Walipoondoka nikasema, "Muramu, ngoja nikueleze." Ukasema, "We eleza kwenye kitabu."

Jioni ile ukafunga mlango.

Kwenye grupu mambo yaliwaka. Nilijitetea. Niliandika kwamba mi ndiye admini, mi ndiye niliyelifungua grupu, mi ndiye niliyekaa na simu mpaka vidole vikaniuma. Mama Tausi akatuma sauti, na hakupaza hata kidogo: "We ni admini. Kazi yako ni kuingiza watu na kutoa watu. Sauti zetu nani kakupa?" Mwingine akaleta utani wake, "Mbona mi hukuniweka humo, au makosa yangu hayajaiva?" Hakuna aliyemfuata. Mmoja mmoja akawa anafuta alichowahi kutuma. Siku hizi Jumapili zinapita kimya. Juzi nimesikia sokoni kwamba fundi mmoja wa Mishamo kaunguza mota kwa kosa ambalo zamani tungelimaliza kwa dakika chache. Hakuuliza. Ameogopa kuwa ukurasa.

Sasa nikwambie ambalo hata Adela nilimwambia wiki hii tu.

Nilijisifu kwamba sikuongeza neno. Ni kweli, sikuongeza. Ila nilipunguza. Mwisho wa ile sauti, baada ya kukohoa tena, ulisema: "Hili lisitoke humu mpaka niende kwa Masanja mwenyewe. Nitaenda. Nipeni muda nijikaze." Nilisikiliza maneno hayo zaidi ya mara moja. Niliyaandika kwenye simu, nikayatazama. Nikajua nikiyaacha, msomaji yeyote ataniuliza, sasa wewe umeyatoaje? Nikayafuta. Nikaenda kumpelekea yule wa stesheneri.

Kwa hiyo sikusahau kukuuliza. Nilikuwa na jibu lako mkononi.

Nilipomwambia Adela alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Akasema, "Kaka yangu alikuwa anajikusanya aende kwa miguu yake. We ukamtangulia." Basi. Tangu hapo ananipakulia chakula, tunakula, tunaongea ya lazima tu. Wala simlaumu.

Nimekaa na hilo neno lake. Nilikuwa nadhani ugomvi ni sauti ni ya nani, ya aliyesema au ya aliyeandika. Lakini kuna kitu ulikuwa nacho wewe peke yako, nacho ni kwenda kwa yule kijana na kumwambia kwa kinywa chako kwamba hakuwa mlevi, kwamba kosa lilikuwa lako. Lingekuwa neno gumu, pengine wangekupiga, pengine wangekukaribisha maziwa. Sasa hatutajua. Alilisikia kwa mtu anayesoma huku anacheka. Hilo siwezi kukurudishia hata nikichoma vitabu vyote.

Na Masanja naye. Nilikuwa nawaza wewe tu, na mafundi, na jina langu. Vile vidole ni vya kwake. Hakuwa kwenye grupu, hakuvua ovaroli yoyote, hakukubali kitu. Mi nimeuza habari ya mkono wake kwa watu asiowajua, na hata sura yake nimeiona mara moja tu kwa mbali.

Kitabu nimekiondoa. Vilivyobaki stesheneri na vile nilivyoviacha kwenye mashine za mjini vyote nimevikusanya, viko ndani ya magunia chini ya kitanda chetu. Uadmini nimemkabidhi Mama Tausi. Alinijibu, "Nimepokea, na we kaa humo usikie." Nitakaa.

Lakini hayo ni ya kwetu mafundi. Bado Kabungu.

Nimepata habari kwamba Masanja sasa anachunga ng'ombe wa kaka zake. Nimemtumia ujumbe kwa mtu wa kwao kuuliza kama atakubali kuniona. Amejibu kwamba nije, ila nije peke yangu na nisichelewe, kwa sababu ng'ombe hawasubiri. Sijui ananiitia nini. Adela kauliza kama naogopa, nikamwambia ndiyo.

Jumamosi hii, kabla hajawafungulia ng'ombe, nitakuwa nimesimama mbele yake na kaka zake. Sitasema ya kwako, muramu. Sitakuombea msamaha, sitaeleza habari ya bolti, sitajaribu kukutetea. Hayo ni yako, utayasema siku utakayotaka, au usiyaseme. Mi nitamwambia yangu tu: Masanja, ni mimi niliyeandika mkono wako bila kukuuliza, niliambiwa nisiandike nikaandika, na kaka zako walipokuja Kawajense nilikuwa mlangoni nikanyamaza. Nikitoka hapo nitapita kwa yule mwenye mashine, nimwambie hayo hayo mbele ya akina mama walio kwenye foleni.

Jumamosi jioni Adela atakuwa amejua yaliyotokea. Ukitaka kuyasikia, muulize yeye, mi sitayaandika popote.

Muramu wako,
mume wa Adela