Hatua Makumi Tatu za Muchanga

Jumapili, 5 Januari 1975
Bwana yangu Amadi amepima mashamba leo. Kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya batu, kama karani wa serikali: hatua makumi tatu kwa urefu, makumi mbili kwa upana. Shamba moja langu, moja la Latifa, mukemwenza. Kamba za kupanda bilazi bitamu alizileta na kamyo yake ya mizigo kutoka Sandoa, kifungo kimoja kila bibi. «Sawasawa mbele ya Mungu,» anasema.
Sawasawa! Shamba la Latifa liko bondeni, udongo mweusi, maji karibu. Langu liko yulu, kwenye kilima, muchanga mutupu, hata nyasi inaota kwa kujilazimisha. Miaka kumi na mine niko bibi mukubwa katika hii nyumba. Mungu ameona hatua, sawa. Na muchanga?

Alhamisi, 16 Januari
Nilipanda vile Amadi aliagiza: mistari, kwenye udongo wa sawasawa. Mvua moja tu — maji yakabeba kamba zote mpaka njiani. Amadi akauliza kama niko na engrais, mbolea ya duka. Nikamuuliza kama yeye iko nayo.
Mama Bilonda, jirani, muluba wa kaskazini, alipita akacheka mpaka akashika kiuno. (Mpaka juzi alikuwa Ernestine. Serikali ikakataza majina ya wazungu, na bwana yake anasahau kila siku.) «Mama Nuru, kwa muchanga banajenga matuta! Ya kufika hapa!» Akaonyesha goti. Na chini ya tuta kuzika nyasi na majivu. Engrais ya bure, anasema. Ya bure! Mugongo si wake.

Jumatatu, 10 Februari
Matuta makumi sita, na kamba nilizookota njiani nimezipanda upya. Kila moja: nyasi chini, majivu, kisha udongo wa kichuguu niliobeba ndoo kwa ndoo. Jioni sitembei, najikokota.
Latifa alileta gunia nzima la majivu, juu ya kichwa chake, bila kuombwa. «Yaya, dada yangu mukubwa, kamata. Mi kule bondeni sina kazi nayo.» Anasikia haya juu ya shamba lake zuri, nafikiri. Roho nzuri, huyu mutoto.

Ijumaa, 14 Machi
Nilishuka bondeni kuangalia. Ya Rabi! Majani mpaka kwenye magoti. Batu banasimama, banaomba matembele ya mboga, Latifa anakata, anagawa, anacheka. Amadi anapeleka rafiki zake huko kama anaonyesha kamyo mupya.
Kwangu majani ni madogo, mekundu-mekundu, kama yana homa. Hapana mugeni hata moja.
«Vumilia tu, Yaya,» Latifa ananiambia. Vumilia! Ana miaka makumi mbili na mbili na ananifundisha kuvumilia.

Alhamisi, 24 Aprili
Udongo umepasuka juu ya matuta! Nilizani ni jua. Nikaingiza kidole — kilazi! Kinene, kimekaa pale kimya kama mwenye nyumba.
Nikashuka kwa Latifa (alikuwa sokoni, niliangalia tu). Nikafukua pembeni. Mizizi kama mikia ya panya! Maji mengi, majani mengi, chini bure kabisa. Nikarudi nikiimba. Siku ya kuvuna, nataka mutaa wetu wa Manika wote ukuje kuona.

Jumanne, 20 Mei
Bajinga tuko wengi, lakini mi niko mbele.
Abibu, mwenzake Amadi wa kamyo, alikula kwetu. Na tonge la bukari ndani ya kinywa akauliza: «Sasa, bibi gani anaenda kukaa Sandoa?» Amadi akajibu bila haya: ile ambaye shamba lake litazaa. Amepata ardhi kubwa kule, anataka bibi wa kulima na kulisha bapakizi wa kamyo. Kule ni muchanga-muchanga, anasema, kama wa Mama Nuru. Alisema na furaha, kama ananipa zawadi. Mi nilikuwa nimesimama na sahani.
Sandoa! Siku mbili kwa kamyo. Mvua ikinyesha, siku ine. Na meza yangu ya bitenge sokoni? Na mutoto wangu Nuru, ile iko na egzame ya masomo mwezi ujao? Sandoa ni pazuri, sikatai. Benyewe babaki nayo.

Jumatano, 21 Mei
Nikamuuliza Latifa kama alijua.
«Tangu siku ya kupima, Yaya.» Anakula karanga.
Tangu Januari! Njo maana alipanda ndani ya maji, hakuchimba hata mufereji moja. Njo maana majivu!
«Ungeniambia!»
«Ningekuambia, nani angejenga matuta?»
Nilitaka kumupiga. Nikamuomba karanga.
Mama Bilonda anasema nitoe bilazi bikubwa kabla Amadi hajakuja kuchimba Jumapili, niache bitoto. Bikubwa nimuletee yeye, atabificha vizuri. Ndani ya sufuria, najua.

Jumamosi, 24 Mei
Nilienda na kitunga. Tuta la kwanza: bilazi bine, kimoja kama kichwa cha mutoto. Nikakipangusa. Nikakaa nacho kwenye magoti. Batu wa njiani bakasimama: «Mama Nuru, hii imetoka kwenye huu muchanga?»
Nilitaka kusema hapana, ni ya soko. Kinywa kikasema: «Bila engrais! Majivu na mugongo wangu!» Bakapiga makofi.
Nikaacha tuta la pili bila kuligusa. Sikuweza kuficha.

Jumapili, 25 Mei
Asubuhi Amadi alichimba kwa Latifa. Amerudi na mikia ya panya. Latifa nyuma, analia. Analia vizuri sana, ni kazi yake.
Sasa ni zamu yangu. Amadi iko mulangoni: «Mama Nuru, jembe iko wapi?» Jembe iko chini ya kitanda, na juu ya kitanda niko mi, naandika. Ameuliza mara tatu.
Sauti ya Latifa, tamu: «Tata, bwana yangu, jembe ya nini? Ni muchanga tu. Mikono inatosha.»
Amadi: «Ni kweli.»
Viatu vyake vinaenda. Anapanda njia ya yulu. Ataanza kuvuta kamba, namujua! Atavuta kama anavuta kamyo kwenye matope, na bilazi bitavunjika vipande, bingine bitabaki chini bioze. Makumi tano na tisa! Kilazi kinafukuliwa pembeni, polepole, na vidole. Hawezi kujua. Lazima mutu aende kumuonyesha —