Mrija wa Sajini Okello

Kansanga, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu Nafula,

Pokea salamu za mdogo wako ambaye meno yake yote bado yapo na mke bado hana, kwa hiyo usianze. Mgongo wako unaendeleaje? Shemeji alinitumia neno kwamba siku hizi unalima huku umejishika kiuno, nikacheka, halafu nikaona si jambo la kucheka. Mwambie akununulie dawa ya kuchua, asingoje nije mimi. Na watoto, na yule ng'ombe wako mkorofi, wote wazima? Je, mrija wangu bado umening'inia juu ya jiko lako pale nilipouacha? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo nzito, ndiyo maana nimekaa kukuandikia badala ya kujilalia kama Jumapili nyingine.

Uliniuliza kama bado napika pombe, ukasema unaona haya mwanamume mzima kukaanga unga. Dada, nani alinifundisha? Mama alipokuwa mgonjwa, nani aliyesimama juu ya bati akigeuza ule unga, na nani aliyekuwa akimkemea kwamba anauunguza? Basi lawama ni zako. Ndiyo, napika, na siuzi hata kikombe. Mchana kutwa nafungua redio za watu kando ya barabara ya Ggaba mpaka macho yananiuma kwa kutazama nyaya. Nikirudi chumbani, kuloweka wimbi na kungoja uote, kusaga kimea, kunusa kama umechachuka sawasawa, hiyo ndiyo raha yangu. Wenzangu wana mpira. Huku wanaiita malwa, karibu sawa na sisi, na wanakunywa kama sisi: chungu katikati, maji ya moto yakiongezwa juu, kila mtu na mrija wake mrefu. Wimbi nanunua sokoni Kamwokya, lakini haufikii wa kwetu.

Jumamosi alasiri tulikuwa tukikaa wanne uani. Mimi, na Mutua, Mkamba mmoja anayeuza mitumba, na jirani yangu wa mlango wa pili, Sajini Okello, pamoja na mke wake, Mama Auma. Hao wawili ni watu wa kaskazini. Sajini ni mwanajeshi, lakini ungemwona akicheka usingeamini kwamba amewahi kumkemea mtu. Nilimpenda. Siku moja nikamtengenezea mrija wake mwenyewe, na kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, kichujio cha nchani nikakisuka kwa waya mwekundu wa shaba niliofungua kutoka kwenye redio iliyokufa. Nikauchongea na ala ya mwanzi, apate kuubeba. Katika Kampala nzima hakuna mrija mwingine wa namna hiyo.

Siku ya kumpa, nikamweleza desturi yetu. Unakumbuka baba alipofariki, mama alivyouteremsha mrija wake kutoka kwenye moshi, akauvunja mbele ya chungu, ndipo wanawake wakaanza kulia? Nikamwambia, "Sajini, kwetu mrija wa mtu hauazimwi, na hauvunjwi mwenyewe akiwa hai." Nilisema kwa mzaha tu, pombe ilikuwa nzuri siku hiyo. Akacheka mpaka akakohoa. "Kale, sawa, Mukenya! Basi mimi hapana kufa. Nitachunga hii kitu kama bunduki."

Baadaye kikosi chake kikapelekwa kaskazini kwenye vita, karibu kabisa na kwao alikozaliwa. Hilo alilisema mara moja, hakulirudia. Mrija aliufunga kando ya mkoba wake. Mama Auma akabaki peke yake, maana mtoto wao Auma analelewa kwa ndugu, akawa anaving'arisha viatu vya bwana wake kila asubuhi na kuviweka mlangoni. Alisema mlango wenye viatu vya mwanamume haugongwi ovyo. Jioni alikuwa akija kwangu kusikiliza habari, maana redio ndicho kitu ambacho hakikosekani chumbani kwangu. Redio ilisema mengi, ila si jina alilotaka. Barua hazikuja, na hata wanajeshi wengine wa mtaa wetu hawakuwa na neno. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilikuwa nikiusikia huo mshindo kila siku kabla haujafika.

Sasa ndipo nifike kwenye jambo lenyewe. Jumamosi moja, mvua ikiwa imekatika punde tu, aliingia uani mtu tusiyemjua. Shati limepigwa pasi, mkanda wa jeshi kiunoni, sauti ya upole. "Ssebo," akaniambia kwa heshima, kama wanavyomwita bwana huku, "nimesikia hapa iko malwa muzuri. Naweza kukaa?" Utamwambia nini mgeni? Nikamkaribisha. Kulikuwa na viti viwili vitupu, naye akachagua kile cha Sajini. Nikanywa mimi kwanza, kama inavyompasa mpishi, ili mgeni aone chungu hakina ubaya. Naye akafungua mfuko mrefu aliouning'iniza begani, akatoa ala ya mwanzi.

Dada, niliutambua hata kabla hajauchomoa. Waya mwekundu ule ule, na pale nilipouunga vibaya kidogo nikaona aibu kuufungua tena. Mutua akanitazama. Mama Auma naye aliona, akainamisha kichwa juu ya chungu na kuendelea kunywa. Yule mtu akautumbukiza mrija, akavuta taratibu, akafumba macho kwa utamu.

Utaniuliza kwa nini hatukusema kitu. Wewe hujaishi hapa. Watu wa mji huu wamepita katika mengi, na wamejifunza kuna maswali ambayo mtu huyameza. Na sisi Wakenya tunatazamwa kwa jicho la pembeni. Maswali aliuliza yeye. Alivitazama vile viatu mlangoni, akamwuliza Mama Auma, "Bwana yako iko wapi?"

"Amekwenda kazi," akasema. "Atarudi saa yoyote."

"Viatu muzuri," akasema yule mtu, akarudi kwenye pombe.

Alipoondoka, Mutua alitaka tukivunje chungu palepale. Mimi nami nikaapa kwamba nimeacha kupika. Asubuhi yake Mama Auma akaja kusimama mlangoni kwangu, hakutaka hata kuketi. Alikuwa amesikia kiapo changu. "Wekesa, nakuomba, usiache. Wewe mwenyewe ulisema, mutu kama iko hai, mrija yake hapana vunjika. Huyo mutu anakunywa na ile mrija. Basi haijavunjika. Basi baba Auma iko."

Mzaha wangu wa kilevi ndio uliokuwa umebaki kuwa tumaini lake. Nikaenda Kamwokya, nikanunua wimbi.

Yule mtu akawa anakuja kila Jumamosi. Kwanza kama mgeni, kisha kama mwenyeji. Alileta nyama, akaniagiza nitafute chungu kikubwa zaidi, akamwambia Mutua asogee. Mwenye nyumba wetu, Nnalongo, nilipomweleza hofu yangu alinikaripia: "Wewe wacha maneno. Selikali yenyewe inakaa kwa uwanja yangu, mwizi atatoka wapi?" Na Mama Auma alikuwa akikaa mkabala na yule mtu, macho kwenye ule waya mwekundu ukizama na kuibuka, naye huyo mtu akidhani labda anatazamwa yeye. Au hakudhani. Sijui alichokijua.

Jumamosi moja akaniambia, bila kuulizwa, "Wewe ni mutu ya Bungoma. Iko na dada, alikufundisha kupika." Habari zako, dada, nilimpa Sajini peke yake. Kwa hiyo huyu mtu alizungumza na Sajini, na si salamu za njiani. Walikaa, wakazungumza mpaka wakafika kwako jikoni. Kama walikaa kama marafiki, mbona haleti salamu zake? Na kama hawakukaa kama marafiki, sitaki kufikiri walikaaje. Nikajipa moyo, nikasema, "Afande, huo mrija mzuri, uliupata wapi?" Akatabasamu, akaweka mkono begani mwangu, akauacha hapo. "Mukenya, wewe ni fundi ya ledio," akasema. "Fungua ledio tu."

Nikashika birika, nikaongeza maji chunguni. Pombe yenyewe ilianza kunikataa. Niliinusa nikaona ni sawa, niliionja nikaona ni sawa, lakini ile raha haikuwapo. Nilikuwa nikikaanga unga huku nikitazama mlango, na nikauunguza kweli, wewe ungenikemea.

Jana akaja mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimeshakunywa kwanza, Mutua ameshakaa, na Mama Auma amesimama na birika akimimina maji ya moto chunguni. Yule mtu akaketi, akasema, "Mukenya, niazime mrija."

Mdomo wangu ukanitangulia. "Wako uko wapi?"

"Ile? Ilivunjika. Nikatupa." Akasema hivyo kama mtu anayesema kiberiti kimeisha.

Mama Auma aliendelea kumimina. Hakumwaga hata tone nje. Birika lilipokwisha maji, akaliweka chini, akaenda mlangoni kwake, akaokota vile viatu. Akavifuta kwa kitambaa chake cha kichwa, ingawa vilikuwa safi, akaviingiza ndani na kufunga mlango. Kwetu angelia, na wanawake wa mtaa mzima wangekuja kumshika. Yeye hakutoa sauti, kwa sababu yule mtu alikuwa bado ameketi pale, amenyoosha mkono, anangoja mrija.

Nikampa. Nikaingia ndani, nikatoa mrija wa wageni, nikampa, nikarudi kuketi naye. Mutua pia aliketi. Tulikunywa naye mpaka akatosheka. Nimekasirika na nafsi yangu tangu jana, dada, wala sijui ningefanya nini kingine.

Leo Mama Auma hakwenda kanisani. Mlango wake hauna viatu. Nilimgongea, akasema kwa ndani kwamba yuko sawa, nimwache alale. Kesho asubuhi mimi na Mutua tutampeleka Lubaga kwa masista, ambao niliwauliza leo baada ya misa, wamesema wana nafasi ya kumficha mpaka apate njia ya kwenda kwa ndugu zake. Chungu nimekimwaga na kukipindua. Mutua ananiambia nami nihame, nami nitahama, ila kuna redio za watu nimezifungua na haifai kuziacha zikiwa vipande. Jumamosi itakapofika, yule mtu atakuja, atakuta uani hakuna pombe wala yule mwanamke ambaye yeye alikuwa akija kwa ajili yake. Atanikuta mimi.

Ule wimbi mpya uliosema utampa mtu wa basi aniletee, usiutume. Wapikie watoto uji. Nisalimie shemeji, na mama mkwe wako ambaye najua hanipendi lakini mwambie namwombea, na yule mwalimu jirani yenu anayekusomea barua zangu. Mwalimu, naomba hii usiwasomee watoto.

Na neno moja la mwisho, dada, ulitie moyoni. Mrija wangu ulio juu ya jiko lako usimwazime mtu yeyote, hata akija mgeni mwenye sauti nzuri akasema mimi ndiye niliyemtuma. Ukae palepale kwenye moshi. Na akija mtu na habari zangu, usiuvunje kwa maneno yake tu. Mwulize kwanza kama aliniona kwa macho yake.

Mdogo wako akupendaye,
Wekesa