Kadi ya Ata Niliichomoa Mimi

Nyumba 14, mlango 32,
Mtaa wa Reli,
Taraz.
22 Mei 2023

Mpendwa wifi Raushan,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Ansan? Mgongo unaendeleaje, na wale wakubwa wa kiwandani wamekupunguzia zamu za kusimama? Sisi ni wazima. Mdogo wako Yerzat yuko safarini na treni ya mizigo, atarudi Alhamisi. Sanzhar ameota meno mawili, na usingizi wangu wote ameutafuna nayo. Ukiona mwandiko umepinda, jua nimemlaza begani huku naandika.

Barua hii anakuletea Botagoz, binti wa jirani, anayerudi huko kazini. Ningekupigia simu, lakini unazijua simu za familia yetu: zinawekwa sauti ya juu mezani mpaka jirani anachangia. Haya ya leo nataka uyasome peke yako.

Wifi, usinunue kompyuta nyingine. Nimesikia umeambiwa ile uliyowatumia wazazi wako imekufa, na kwamba unatafuta nyingine. Haijafa. Kadi yake ya memori niliichomoa mimi.

Kasirika kwanza, halafu endelea kusoma.

Tangu ulipotuma kile kikompyuta, sikukuu ya Nauryz, Ata, baba yenu, amekuwa kijana. Miaka arobaini ametengeneza runinga za watu, basi alikifungua, akakifunga, akakitia gemu zote za ile mashine ya Dendi mlizocheza ninyi utotoni, zile za kaseti za njano. Kidude chenyewe hakijazi kiganja, lakini kinajifanya Dendi mpaka mlio wa mwanzo ni uleule. Nilifurahi, sikufichi. Kisha Inkar wangu akaanza kubadilika. Zamani akiletwa kwangu Jumamosi alipanda ngazi mbio, akala supu ya kespe, akalala nami mpaka Jumapili. Sasa hajavua hata viatu anauliza, "Dada, narudi nyumbani saa ngapi?"

Dada. Nimezaa mimi, na naitwa dada. Mama ni Apa, bibi yake. Najua ndiyo desturi yetu, mtoto wa kwanza hulelewa na babu na bibi kama wa kwao. Nilimtoa mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwa mdomo wangu. Lakini tulisema mpaka aanze shule. Ulikuwepo, ulisikia. Shule ni Septemba. Nikigusia tu, Ata ananijibu, "Mkwe, haraka ya nini? Mtoto ana gemu hajalimaliza."

Siku yenyewe nilikwenda kuwaoshea mazulia. Runinga ilikuwa inawaka na sebuleni hakuna mtu. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya wachezaji: ATA, INKAR, APA. Apa, wifi! Mtu anayeniita nitoke jikoni nimbadilishie chaneli! Na ana alama elfu tisa. Nilisimama pale maji yakinidondoka mikononi, nikayasoma yale majina matatu kama mtu anayetafuta lake kwenye matokeo ya mtihani. Wivu ulinipanda. Mkono ukaenda wenyewe. Kadi ni ndogo kama ukucha, nikaitia ndani ya soksi ya Sanzhar.

Mwalimu Lyazzat wa ghorofa ya pili alikuwa na kikompyuta kama hicho, kimekaa tu kwenye droo. Nikakiazima. Nikajiambia, mtoto atalifuata gemu, na gemu sasa liko kwangu. Tazama nilipofikia.

Jumamosi akaja amenuna. Nikawasha. Akaitazama ile orodha, akanitazama mimi.

"Hii ni ya Ata."

"Ndiyo."

"Umeiba?"

"Nimeichukua."

"Bila kumwambia?"

"Bila kumwambia."

Akafikiri, kidole mdomoni. "Basi tutamwambia kesho. Leo shika hii, wewe uwe wa pili."

Nikashika. Ni gemu la vifaru viwili vinavyolinda ngome, na mimi sijawahi kucheza maishani. "Dada, unanipiga mimi! Mimi siyo adui! Jamani, huyu! Hata Apa anakushinda!" Nilicheka mpaka Sanzhar akaamka. Na hapohapo wivu ukarudi, maana kila alichonifundisha kafundishwa na Ata: kusevu kabla ya hatari, na ukikosea, kurudi nyuma uanze tena palepale. Alinionyesha mara tatu, kwa subira, kama bibi kizee. Nikawaza, hii miaka yake sita iko kule, na mimi sina pa kubonyeza niirudie.

Lyazzat alijitolea kuinakili ile kadi, kila nyumba iwe na yake. Nikakataa. Ningekubali, wangesema mkwe ameridhika. Sijaridhika.

Jana Jumapili tulikwenda, mimi na watoto wote wawili. Nikaiweka kadi mbele ya Ata, nikasema niliichukua mimi. Hakunigombeza. Aliigeuzageuza karibu na miwani yake, akasema tu, "Ungeomba, mkwe, ningekupa."

Nikasema, "Basi naomba, Ata. Siombi kadi. Namwomba mtoto, Septemba, kama tulivyosema."

Apa akachukua birika mwenyewe, kazi ambayo miaka yote hii ni yangu, akanimiminia chai mpaka ukingoni. Unajua maana yake. Anayetakiwa akae hupewa nusu, ili aongezewe. Kikombe kilichojaa ni cha kunywa uende zako. Mimi, mkwe wao, kama mgeni aliyezidisha muda. Hata Inkar alikiangalia kile kikombe, akainamisha macho.

Nilikinywa chote, wifi, cha moto, taratibu. Kisha nikamrudishia kwa mikono miwili nikasema, "Niongezee, Apa."

Akakipokea. Akamimina. Nusu.

Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema hapana pia. Ijumaa watakupigia kama kawaida. Kuhusu kadi usinitetee, nimekosa na nimekiri. Wewe uliza tu, kwa ile sauti ya juu, wote wasikie: Inkar anaandikishwa shule ipi? Na Ata akikuuliza unakumbuka nini, sema ulichosikia. Kama hilo ni zito kwako, nitakuelewa. Ila zawadi nyingine usimtumie mtoto kabla ya Septemba. Nakupenda, na hilo nimelisema kwa dhati.

Nisalimie mumeo Talgat na mwanao Dilnaz, mwambie soksi alizomtumia Sanzhar zinamtosha vizuri. Lyazzat naye anakusalimu. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya ya mgongo, na akurudishe kwetu ukitembea wima.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Zhadyra,
mama yake Inkar