Prosesa Mbili na Njia ya Ng'ombe

Jumatatu, 13 Aprili

Kompyuta imezima tena. Mara ya tatu leo, na palepale: picha zimepangwa, kazi ya kuziunganisha imefika katikati, kisha kioo cheusi. Nimefungua mfuniko, nimepuliza vumbi, nimeisogezea feni ya mezani. Haikusaidia. Kompyuta hii niliinunua nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nikisomea upimaji ardhi. Kwa michoro ya viwanja ilitosha. Kijiji kizima kilichopigwa picha na droni, maelfu ya picha, haikiwezi.

Niandike wazi kinachosubiriwa. Jumamosi ya tarehe 25 mkutano mkuu wa kijiji utaamua njia ya ng'ombe inapita wapi hasa kwenda lamboni kunywa maji. Kandokando ya njia hiyo kuna shamba la Shangazi Salima, dada wa marehemu baba. Wafugaji wanasema alizeti yake imeingia njiani. Yeye anasema njia imeingia shambani. Ramani yangu ndiyo itakayowekwa mbele ya watu.

Serikali ya kijiji inajua kuwa ni shangazi yangu. Imenipa kazi hata hivyo, kwa kuwa hakuna mpima mwingine karibu. Hilo linanisumbua kuliko kompyuta.

Kesho mjini.

Jumanne, 14 Aprili

Bodaboda kutoka kwetu Ilongero asubuhi, barabara bado na madimbwi. Nilikwenda dukani kwa Bwana Kirit. Babu yake aliuza vitambaa katika chumba kilekile. Yeye anauza kompyuta na kuzitengeneza.

Alinionyesha mbili. Moja ina prosesa, ubongo wa mashine, ya kawaida ya mezani: viini vichache vya kufanyia hesabu, kila kimoja chepesi. Ya pili ina prosesa ya kazi nzito, ya aina wanayotumia wachora majengo na watengeneza filamu: viini vingi vinavyofanya kazi kwa pamoja, na nafasi kubwa zaidi ya kumbukumbu, yaani mahali ambapo mashine inashikilia kazi inapoifanya. Lakini kila kiini peke yake ni kizito kidogo, na mashine yote inakula umeme.

"Hii Noah, dada, gari ya abiria. Ile Fuso, lori," alisema. "Sasa niambie unabeba nini."

Nikamwambia nabeba kijiji.

"Singida hapa? Na mawe yake yote? Chukua Fuso." Akacheka, kisha akainua mkono. "Lakini usinisikilize mimi, mimi muuzaji. Lete kazi yako tuipakie zote mbili. Itakayokwama tutaiona."

Nimerudi na shauku ambayo sikuwa nayo tangu chuoni. Swali limekuwa la kupimika. Kwa nini kila mtu huchagua kwa kusikia?

Jumatano, 15 Aprili

Jaribio la kwanza, dukani. Prosesa ya kawaida imenishangaza. Hatua ya kutambua picha zinazofanana, ambayo kwangu huchukua siku nzima, imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Kisha ikafika kwenye kuunganisha kijiji kizima. Kumbukumbu ikajaa. Ikasimama.

Ile nzito ilianza taratibu hadi nikaitilia shaka. Baadhi ya hatua hutumia kiini kimoja tu, na hapo wingi wa viini hausaidii kitu. Lakini ilikuwa inasonga. Saa tisa umeme ukakatika. Betri ya akiba ya duka ilishikilia Noah bila shida. Fuso ilizima papo hapo, pamoja na kazi yote.

Bwana Kirit alikuna kidevu. "Hii inataka betri ya benki," alisema.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimepata njia, au nadhani nimepata. Kama prosesa ya kawaida haiwezi kumeza kijiji kizima, niipe nusu nusu. Kitongoji cha Juu peke yake, Kitongoji cha Chini peke yake, kisha nizibandike. Imekubali. Zote mbili zimekwisha leo, na bado nilipata muda wa kunywa chai kwa Bwana Kirit.

Sikufikiri sana mahali pa kukata. Kijijini kwetu kila kitu kinagawanywa kwa vitongoji: michango, zamu za kisima, mbegu za ruzuku. Ukimuuliza mtu yeyote kitongoji chake kinaishia wapi, atajibu: njiani, njia ya ng'ombe. Nimekata hapo.

Matokeo: njia inapita nje ya alizeti ya shangazi. Yuko sahihi, kwa hatua nzima na zaidi.

Nilifurahi. Naandika neno hilo ili niliangalie.

Ijumaa, 17 Aprili

Habari imefika kabla yangu. Nilimwambia mtendaji wa kijiji tu. Asubuhi shangazi ameleta kuku aliyekwisha kuchinjwa, na unga wa mtama. Hakutaja ramani. Alisema nimekonda.

Mchana nilikutana na Mzee Ntandu, anayewasemea wafugaji. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kwa upole wote, kisha akauliza kama kuku alikuwa mnono.

Kuku bado alikuwa jikoni, hajapikwa.

Jumapili, 19 Aprili

Nimekaa na ramani tangu kutoka ibadani. Kuna kitu. Njia ni pana kiasi kile kile kila mahali ukiitembea kwa miguu. Kwenye ramani yangu inabanwa inapokaribia shamba la shangazi, kisha inafunguka tena. Ng'ombe hawapiti hivyo.

Alama za chokaa nilizochora ardhini kabla ya kurusha droni, zile zinazoifunga ramani mahali pake halisi, niliziweka shuleni, kwenye mashine ya kusaga na kisimani. Katikati ya vitongoji. Njiani sikuweka hata moja, kwa kuwa ng'ombe wangezifuta kwa kwato siku hiyohiyo. Kwa hiyo nimekata ramani mahali ambapo haikushikwa na chochote. Kingo zake zimejikunja kama karatasi iliyoachwa juani.

Au najitafutia makosa kwa sababu ya maneno ya Mzee Ntandu? Inawezekana. Mtu anaweza kuwa na upendeleo kwa ndugu yake, na anaweza pia kuwa na upendeleo dhidi yake ili aonekane hana.

Jumanne, 21 Aprili

Bwana Kirit ameazima jenereta ya jirani yake mwenye duka la nguo. Fuso imefanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni bila kukatizwa. Kijiji kizima, kipande kimoja, hakuna mshono.

Njia inapita ndani ya alizeti. Mistari miwili ya shangazi iko njiani.

Niliangalia kioo kwa muda mrefu. Bwana Kirit alidhani nimeridhika na mashine. "Si nilikwambia," alisema. Nikamjibu kwamba sijui bado. Akasema wateja wenye digrii wanamzeesha.

Kweli sijui. Jambo rahisi ni kusema prosesa kubwa imeonyesha ukweli na ndogo imedanganya. Lakini nimebadilisha vitu viwili kwa pamoja: prosesa, na mahali pa kukata. Mwalimu wetu angenirudishia karatasi kwa kosa hilo.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda njiani alfajiri na kipokezi cha satelaiti, cha kupimia mahali, nikamwomba Mzee Ntandu aje na shangazi aje. Walikuja wote wawili, wakasimama mbalimbali kama watu wanaosubiri magari tofauti.

Nilichokitafuta ni mawe. Chokaa hufutika, lakini kando ya njia kuna majabali sita ambayo hakuna ng'ombe aliyewahi kuyasogeza, na yote yanaonekana wazi kwenye picha za droni. Nimepima kona ya kila jabali. Yatakuwa alama zangu, hata kama nimechelewa kuyaona.

Mzee Ntandu alishika fimbo ya kipimo. Shangazi alimwambia aiweke wima, huo si mkongojo. Akamjibu kwamba akiiweka wima sana alizeti itadai na fimbo. Sikujua nicheke au nisicheke. Wao walicheka, kila mmoja akiangalia upande wake.

Alhamisi, 23 Aprili

Jaribio la tatu. Prosesa ya kawaida, vipande viwili kama mwanzo, lakini safari hii nimekata kwa kuivuka njia badala ya kuifuata, mbali na shamba la shangazi. Vipande vimepandana kwa upana wa kutosha. Majabali sita yameshikilia.

Nikalinganisha na kazi ya mashine nzito, nayo nikiifunga kwa majabali yaleyale. Tofauti ni upana wa kiganja.

Kwa hiyo prosesa ndogo haikukosea. Nilikosea mimi. Nilikata ardhi kwa desturi ya mikutano yetu, mahali ambapo kila mmoja wetu angekata bila kuwaza, na ndipo hasa penye ugomvi. Fuso ilinifichia kosa tu kwa kuwa haikuhitaji kukata.

Mistari miwili ya alizeti iko njiani. Sasa naweza kulisema hilo. Nimetafuta sababu ya kutolisema na sikuipata.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimenunua ile ya kawaida, na kujaza kumbukumbu hadi inapokubali. Sababu zangu: betri inaiweza umeme ukikatika, hatua nyingi za kazi yangu ni za kiini kimoja, na kijiji kinagawanyika vizuri mpimaji akifikiri kwanza. Naziandika ili nizipinge baadaye. Nikipata kazi ya kata nzima huko Ikungi, pengine nitajuta. Bwana Kirit anasema nitajuta. Lakini alinifungia mashine kwenye boksi kwa uangalifu, akaniambia nimwite ikisumbua hata saa ya chakula.

Kutoka stendi nilipitia kwa shangazi. Nilitaka asikie kwangu, si mkutanoni. Nilimweleza yote, na mahali nilipokosea. Alikuwa anapepeta mtama, na hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo wiki iliyopita nilikuwa sahihi," alisema.

"Wiki iliyopita mimi nilikuwa nimekosea, shangazi."

Alipepeta mwingine. Aliniambia nifunge mlango wa ua nikitoka, mbuzi wanaingia.

Jumamosi, 25 Aprili

Mkutano. Nilisema kwanza kwamba mwenye shamba ni shangazi yangu, ingawa hakuna asiyejua. Kisha nikasema kwamba ramani ya kwanza, ambayo wengi walishaisikia, ilikuwa na kosa langu, na nikaonyesha kosa lilipo. Mtu wa nyuma aliuliza: kama ya kwanza ilikosea, hii tutaiaminije? Ni swali sahihi kabisa. Nilimjibu asiiamini, aende kwenye majabali na kamba, apime.

Walikwenda. Karibu nusu ya mkutano ilitoka kwenda njiani na kamba ya katani, wakapima kutoka jabali hadi shina la alizeti, wakarudi wanabishana kuhusu mambo mengine.

Mzee Ntandu alisimama, akasema wafugaji wanakubali mstari huo. Kuku hakumtaja, ingawa angeweza. Shangazi alinyoosha mkono pamoja na wengine kupitisha. Aliutazama mkono wake mwenyewe, si mimi.

Niliumia. Sina neno la kisomi zaidi ya hilo.

Jumapili, 3 Mei

Nilipofika kwa shangazi leo alikuwa ameshaanza. Anaikata mistari miwili kwa panga, mwenyewe, vichwa vikiwa bado havijakomaa. Nilichukua panga la pili. Tulikata pamoja, mabua tukiyarundika kwa ajili ya mbuzi.

Tulipopumzika aliuliza kama mashine mpya inaweza kukosea. Nikasema inaweza.

"Na wewe?"

"Mimi zaidi."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu inayokubali. Akanisogezea kibuyu cha maji, nikanywa kwanza.

Saa nne ng'ombe wa Kitongoji cha Juu wakaja, mmoja nyuma ya mwingine. Tulisimama ukingoni mwa shamba, tukawapisha.