Kigoda cha Mitole Nilichokiandika Wakfu

Mshauri wetu mpendwa wa gazeti, baada ya salamu nakuomba unisaidie, na unisaidie upesi kwa sababu meli inarudi mwezi ukiandama, mimi naitwa Huseni wa hapa Kilwa Kivinje lakini vijana wenzangu wananiita Bwana Kalamu, nimesoma chuoni mpaka nikahitimu juzuu moja, na nimesoma shule ya serikali mpaka mwalimu akachoka, kwa hiyo naandika herufi za Kizungu kutoka kushoto na za Kiarabu kutoka kulia, na karatasi ikiwa ndogo nakutana na mimi mwenyewe katikati.

Kazi yangu ni kuandika vikaratasi vya kubandika. Yako maafikiano baina ya boma na nyumba ya vitabu vya wakfu anayoitunza Sheikh Yunusu, boma limeleta rafu za mbao na kafuri ya kufukuza mchwa, na Sheikh ametoa chumba kimoja kikavu boma liweke vitu vilivyochukuliwa bara katika vita vya maji, ngoma, mikuki, vibuyu, kabla havijapelekwa Ulaya kwenye nyumba kubwa ya kuonyeshea vitu vya watu, na sharti lao wamelitia mhuri, cha boma kinakwenda, cha wakfu hakitoki, anayekitaka afanyiwe nakala. Mimi nawaandikia wote wawili, na bila kujisifu, nisingekuwapo wasingeelewana hata salamu.

Sasa kikaletwa kigoda cha mpingo, kimekaliwa mpaka kinang'aa, cha marehemu Jumbe Likwata wa Mitole, yule aliyenyongwa hapa bomani watu wote tukaitwa tutazame. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuandika vitabu vya Sheikh, kila kimoja 'wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakitoki', mkono ulikuwa umepata moto, basi nikachukua kikaratasi cha kigoda nikakiandika maneno yale yale, nikakibandika, nikakiambia kigoda, 'Haya Jumbe, umekuwa kitabu, kaa utulie usomwe.' Nikacheka. Mshauri, nilipokwisha kucheka, kicheko kilikuwa hakijaisha.

Meli ikaja. Bakary, nahodha wa mashua ya kupelekea mizigo melini, naye kasoma chuo, akakisoma kile kikaratasi, akaweka kigoda mchangani.

'Mimi sibebi wakfu,' akasema. 'Baba yangu alichukua jamvi la msikiti akalitandika kwake, akafa mkono umekauka.'

Nikamwambia, 'Ndugu yangu, huo ni mzaha wangu tu.'

'Basi panda mashuani ukibebe wewe na mzaha wako.'

Sikupanda, maana siku hiyo nilikuwa na vikaratasi vingi vya kuandika. Meli ikaenda, kigoda kikarudi chumbani, na tangu hapo kina joto. Si joto la jua, chumba kile hakina dirisha, ni joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, ukiingia adhuhuri unaona kama umemkatiza. Nilikigusa kwa kiganja mbele ya wanafunzi wa Sheikh ili waone siogopi, na sikuogopa, ila nilikwenda kuosha mkono, na joto halikutoka mpaka alasiri. Sheikh mwenyewe siku hizi anasoma kwa sauti akielekea kigoda, akifika mwisho wa ukurasa anatega sikio, anasema 'Naam', ndipo anafungua mwingine. Nikamwambia, 'Shikamoo Sheikh, hiyo naam unamjibu nani?' Akasema, 'Marahaba. Umemkaribisha wewe, kisha waniuliza mimi?'

Juzi akaja mjane wa Jumbe, Bi Samia, kwa miguu kutoka Mitole. Alisimama mlangoni, hakumsalimu mtu, akakitazama kigoda akasema, 'Kumbe uko hapa. Nyumbani tunakungoja, mlango hatufungi.' Kisha akanigeukia, sauti ya upole kabisa, 'Mjukuu wangu, nani kamwambia asitoke?' Nikainamia kikaratasi kama ninayeandika, na kalamu haikuwa na wino.

Bwana wa boma ameamuru nibandue ile karatasi niandike nyingine, na kigoda kisipopanda meli inayokuja nitakula kiboko, Bakary naye anaapa atakayefuta neno la wakfu mkono utamkauka, na mkono huu ndio unaonilisha, na yule bibi swali lake linanifuata mpaka sokoni. Nifanyeje?

Mimi Huseni, Bwana Kalamu, Kilwa Kivinje.

*

Huseni,

Hilo jina la Bwana Kalamu mrudishie aliyekupa. Ulihitimu juzuu moja, na inaonekana ulikimbia kabla vumbi la mkeka halijatulia. Ungekaa kidogo ungejua kwamba mtu haweki wakfu mali isiyo yake. Wakfu huwekwa na mwenye kitu, kwa ulimi wake na nia yake. Wewe ulitia wino tu, na wino huo ukiufuta mkono wako hautakauka. Mwambie na Bakary hivyo, kisha umshukuru, maana ameheshimu kwa kutojua kile ulichokichezea kwa kujua.

Lakini usianze kupiga miluzi. Nimesema si wakfu, sikusema hukusikiwa. Mtu aliyekufa kifo kile, asioshwe na watu wake, alibaki na kitu kimoja tu cha kukalia. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake, akaambiwa akae, akakaa. Unashangaa nini kikiwa na joto?

Sasa uliza mwenye kigoda ni nani. Bwana wako atasema ni boma, na mimi mtu wa gazeti sibishani na boma, nina watoto. Nasema hivi tu: aliyehukumiwa ni Jumbe, sijasikia kigoda kikisomewa hukumu. Warithi wake wako Mitole.

Leo hii mchana, mbele ya Sheikh Yunusu, bandua karatasi yako useme kwa sauti, 'Jumbe, niliyekwambia ukae sikuwa na haki hiyo.' Usiongeze neno, nakujua. Kisha nenda Mitole bila kalamu. Mpigie magoti Bi Samia umwambie ni wewe, ingawa nadhani alikujua palepale mlangoni. Yeye na wanawe ndio waseme. Wakikiweka wakfu kwa vinywa vyao, kwa ajili ya watu wa Mitole, kikae Mitole, Sheikh ataandika kwa mkono wake na kumpelekea Bwana pamoja na lile sharti lao lenye mhuri, cha wakfu hakitoki, anayekitaka afanyiwe nakala. Fundi amchongee Bwana kigoda kingine mfano wa hicho, na hicho Bakary atakibeba akiimba. Aende Sheikh, si wewe. Ukienda wewe utajisifu na neno litaharibika. Kiboko huenda ukakila hata hivyo. Siwezi kukukinga, ila mgongo hupona.

Ruhusa ikipatikana, kipeleke wewe mwenyewe. Usikitie kichwani miguu juu kama mzigo wa muhogo. Kikumbatie kama unayembeba mzee wako mgonjwa, na ukipumzika njiani kiweke kivulini, wewe ukae chini kwenye mchanga. Kitakuwa na joto njia nzima, usikisemeshe. Kikianza kupoa, ujue mmefika. Hapo usibishe hodi. Mlango uko wazi, na anayerudi si mgeni.