Swali la Chumvi

Keza, Jumatano, Machi 1979

Leo mvua imeanza alfajiri, na mpaka saa nne ilikuwa haijachoka. Duka la kijiji sikulifungua mapema, maana nani atakuja kutafuta nini? Sabuni hakuna, mafuta ya taa hakuna, malori yote yamekwenda vitani. Lakini moyo wangu mkunjufu. Nashangaa mwenyewe.

Jumatatu narudia mtihani.

Ni ule wa kuingia chuo cha biashara, kozi ya wauza maduka ya vijiji. Tunaufanyia Rulenge. Atakayepita atakwenda kusoma, kisha atarudi kuwa meneja wa duka lake. Asiyepita, kijiji kimeshasema, atampisha mwingine kwenye kaunta. Na mimi kaunta ile siiachii.

Shule niliishia darasa la pili. Mengine nimeyapata kwenye kisomo cha watu wazima, na ndiyo sababu naandika hapa kila siku. Mwalimu alituambia mkono usioandika unasahau. Asilimia zilizokuwa zikinitoa jasho sasa nazifanya huku chungu kiko motoni. Jana mume wangu aliniuliza, "Mama Filbert, ukienda chuoni nani atatupikia?" Nikamjibu, "Si mnasema mkutanoni kila mtu afanye kazi, ndugu mjamaa?" Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo hesabu siziogopi.

Naogopa swali moja tu.

Mara ya kwanza, tulipofika sehemu ya kuulizwa kwa mdomo, bwana aliyekuwa anatutahini, mgeni wa mbali, aliniambia, "Mama, kwako mnakula watu wangapi? Nikadirie chumvi yenu ya mwezi." Nikajibu, "Tupo." Akauliza tena, wangapi? Nikasema, "Tupo wa kutosha, Mungu atulinde." Wenzangu kwenye benchi wakaguna. Bwana akaandika kitu, akamwita anayefuata. Majibu yalipokuja nikaambiwa hesabu za kuandika nilifanya vizuri, ila hapo kwa mdomo ndipo nilipoanguka.

Sasa ningefanyaje? Kwetu watu wa nyumba moja hawahesabiwi. Ukiwahesabu umekionyesha kifo pa kuanzia. Na Filbert wangu, kifungua mimba, yuko vitani tangu Novemba, alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake. Habari yake hatujaipata, tunasikia tu kwenye redio ya jirani kwamba vijana wetu wamevuka mpaka. Nikisema tuko tisa, nimemtaja mbele ya risasi. Nikisema nane, nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe. Chumvi gani itapimika hapo?

Hili sikumwambia mtu mpaka leo. Mvua ilipokatika nilikaa jikoni na mama mkwe wangu tukimenya ndizi. Yeye ndiye aliyenifundisha mwiko huo nilipoolewa, basi nilijua atanigombeza.

"Mama," nikaanza, "naomba unisamehe kabla sijasema."

"Umeunguza maharage?"

"Hapana, mama." Nikamweleza yote, mtihani, swali, na Filbert.

Akamenya ndizi, akamenya nyingine. Kisha akaniuliza, "Huko aliko Filbert, asubuhi si wanapangwa mstari?"

"Nasikia hivyo."

"Mmoja, wawili, watatu, mpaka wa mwisho. Jeshi zima limeshamhesabu, mwanangu. Wewe mama yake ndiye hujamtia kwenye hesabu."

Nililia palepale, kisu mkononi. Akaniacha nilie kidogo, halafu akanirushia ganda la ndizi.

"Haya, hesabu. Na uanze na mimi. Mimi mzee, kifo kikija kianzie kwangu."

Nikahesabu. Kwa sauti, mmoja mmoja kwa jina lake. Nilianza na yeye kama alivyotaka, nikaenda kwa mume wangu, nikajitaja mimi, nikashuka kwa watoto. Filbert sikumruka. Na kila jina mama mkwe aliitikia "Yupo," kama darasani mwalimu anapoita majina, ila yeye alijibu kwa niaba ya darasa zima.

Nisidanganye hapa, woga bado upo. Mama hamalizi kuogopa. Nimeona tu kwamba mtu anaweza kuogopa na jibu akalitoa, na jioni nimekadiria chumvi yetu ya mwezi mzima bila kufuta hata mara moja.

Jumatatu bwana yule akiniuliza, nitamtazama usoni niseme tisa. Akitaka kujua wako wapi, nitamwambia wanane wako Keza, na wa tisa yuko njiani anakuja nyumbani.